Kiungulia Kilichouza Kabati

Mdogo wangu alizaliwa kwa kelele iliyomwamsha mkunga. Mkunga mwenyewe alisimulia hivyo mpaka anaingia kaburini: kwamba usingizi ulikuwa umemwiba kidogo pale kitini, mtoto akatoka bila msaada na kumwita kazini. Mama akasema huyu atakuwa mhubiri. Baba akasema huyu atakuwa mgomvi. Wote wawili walikosea, ingawa si kwa mbali. Alikuwa mnadi.

Wengine husema dalali. Mimi nasema mnadi, kwa sababu dalali anaweza kunong'ona, na mdogo wangu kunong'ona hakujaliwa. Nyuma ya soko letu kuna uwanja ambako vitu vya nyumbani vilivyokwisha kutumika hupigwa mnada kila Jumamosi: vitanda, makabati, majiko, saa za ukutani zinazoonyesha wakati wa watu wengine. Kwa miaka mingi aliyesimama juu ya kasha katikati ya uwanja ule alikuwa yeye, na kwa miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa ukingoni na kibanda changu cha ndoo na mabeseni. Kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona. Niliyoyasikia tu nitasema niliyasikia, maana siku hizi watu hawatenganishi.

Jina lake la uwanjani lilikuwa Radi. Akitaja bei, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa anasitisha mkasi. Siku moja hakuwahi kuusitisha, na mteja wake mpaka leo ana sikio moja fupi kuliko jingine.

Kazi alifundishwa na mnadi wa kabla yake, mzee mkavu kama kijiti cha kiberiti, aliyemwachia kasha, mkanda mpana wa ngozi wa kukaza tumbo ili sauti ipande, na sheria moja. Sheria yenyewe ni hii: mdomo hutaja bei lakini haufungi bei. Uwanjani pana kelele, kila mtu husikia anachotaka, na neno la mdomo hubishiwa. Kwa hiyo biashara hufungwa kimya kimya. Mnadi akiridhika na bei, huweka kiganja cha kulia kifuani. Kiganja kikishagusa kifua, mali imekwenda na hairudi, alie atakayelia. Yule mzee aliwahi kujipiga kifuani kwa ajili ya nzi, baiskeli ikaondoka kwa bei ya pampu yake. Aliitazama inavyokokotwa, akaita kitu kinachofuata. Heshima ya uwanja wetu ilijengwa siku ile, na ilijengwa na nzi.

Sasa niwaambie mdogo wangu alivyokuwa akila, kwa sababu ugonjwa huu haukuvunja mlango. Ulikaribishwa, ukapewa kiti.

Asubuhi ya mnada, mwenye mali humletea mnadi kitu kinachoitwa sahani ya koo: nyama iliyokaangwa mpaka inaogelea, pilipili juu yake, na birika la kahawa nyeusi. Wanasema koo lisilopakwa mafuta hukwaruza bei. Kuikataa sahani ni kumtusi mwenye mali mbele za watu, na mdogo wangu hakuwahi kumtusi mtu; hata mfupa aliuheshimu. Akishamaliza, alikaza mkanda mpaka tundu la mwisho, akapanda kasha, na hakutia kitu kinywani tena mpaka jioni. Jioni sasa! Mke wake, wifi yangu, alimpakulia wali, kilima chenye theluji juu na mafuta yakitiririka mabondeni. Kukimaliza kile kilima, kukishushia kwa soda, kufungua mkanda na kulala chali, vyote vilikuwa tendo moja. Usingizi ulimkuta bado anatafuna.

"Wifi," niliwahi kumwambia, "huyu mtu unamlisha au unampakia?"

"Mwanamume kapiga kelele kutwa," akanijibu, "halafu mimi nimpe mboga za kuchemsha? Majirani wakisikia harufu ya maji matupu jikoni kwangu watasema nini?"

Basi kikaanza. Kwanza moto kifuani, nyuma ya mfupa. Kisha maji makali yakawa yanapanda kooni akiinama kufunga viatu. Kisha kikohozi kikavu kila asubuhi, na ile sauti, ile radi yenyewe, ikaanza kutoka na kutu.

Katika soko letu kila mtu ni daktari isipokuwa daktari. Mwenyekiti wa soko, ambaye tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake, alimwambia hiyo ni baridi imeingia kifuani, itolewe kwa tangawizi na ndimu, ikiwa ya moto, tena isiwe na sukari, ili iume. Muuza viatu akasema ni minyoo. Mama wa mchele akasema ni husuda, watu wameitamani sauti. Mmoja alimpa sigara ya kusafisha kifua. Mwingine alimpa siki. Na kila mmoja alikuwa na mjomba aliyepona kwa dawa hiyo hiyo, ingawa ukiuliza mjomba yuko wapi, amefariki kwa kitu kingine.

Mdogo wangu alivitumia vyote. Alining'iniza chupa ya tangawizi na ndimu kwenye msumari wa kasha, na kadiri kifua kilivyowaka ndivyo alivyokizima kwa petroli ile. Mfukoni alikuwa na vidonge vya kutafuna vya duka la dawa, akivigawa kwa wenzake kama peremende. Nilimwambia aende hospitali.

"Dada, hospitali ni kwa wagonjwa," akasema. "Mimi nina kiungulia tu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Na lake lilikuwa zima kabisa, lilikuwa limejaa dawa za watu wengine.

Likaja suala la kabati. Lilikuwa la mkwe wa Mwenyekiti, mama mzaa mkewe: kabati la mbao nyeusi, milango mitatu, vioo, droo zinazofungwa kwa ufunguo wa shaba. Yule mama alikuwa anahamia kwa binti yake, kwa Mwenyekiti huyo huyo, na kabati halikuingia mlangoni. Mwenyekiti alileta sahani ya koo kubwa kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu alitaka kabati liende kwa bei ambayo ingemnyamazisha mkwe wake walau mpaka mvua. Radi akala yote. Akapanda.

"Kabati la kifalme!" akaanza. "Nani ananifungulia?"

Seremala wa pale jirani alikuwa amekuja kuzurura tu. Ni mtu wa mzaha, na mnada ukifunguliwa huwa anatupa bei ya kijinga ili watu wacheke. Akatupa bei ya kigoda. Watu wakacheka. Radi naye akacheka, na kicheko kikaibana ile nyama na ile kahawa chini ya ule mkanda. Nikamwona anabadilika rangi. Ukampanda moto wa kumtoa machozi, na mkono wake wa kulia, masikini, ukaenda pale panapouma.

Kiganja kifuani.

Uwanja mzima ulinyamaza. Nilisikia mfuniko wa ndoo yangu ukitikiswa na upepo. Seremala aligeuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine aliyetaja bei.

"Mimi?" akauliza.

Mwenyekiti alipata sauti. "Hapana! Hapana, hapana! Huyo ameungua, hajauza!"

"Mwenyekiti," wakamwambia wanunuzi wa zamani, tena kwa adabu, "na baiskeli ya nzi je?"

Kabati likabebwa na watu sita kwenda karakana ya seremala. Mkwe wa Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiangalia. Alimgeukia Mwenyekiti tu na kumtazama, na nina hakika anamtazama hivyo mpaka leo.

Kamati ya soko ilikaa juma lile. Kulikuwa na mnada mkubwa unakuja baada ya mwezi na kitu: hoteli ya zamani ya kule juu ilikuwa imefungwa, na vyombo vyake vyote, vitanda, meza, masufuria ya kupikia jeshi, vilikuwa viletwe uwanjani kwetu. Atakayenadi vile ndiye mnadi mkuu. Hakuna atakayeuliza tena kasha ni la nani. Mwenyekiti alitaka kazi apewe Kipaza. Huyu ni mwanagenzi wa zamani wa mdogo wangu, aliyejinunulia kipaza sauti cha betri na tangu hapo hajazungumza na mtu bila hicho. Hata kumsalimu mama yake, nilisikia, hukiwasha. Wazee wa kamati wakasema Radi apewe nafasi moja ya mwisho: siku ya hoteli aanze yeye. Mkono wake ukikosea mara moja tu, ashuke, apande Kipaza, na asipande tena.

Mdogo wangu alikuja kukaa kibandani kwangu, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, nikishushwa pale nitafanya nini?"

Nilimpa siku moja auze ndoo, nione. Wateja walikimbia. Mtu anayetaka beseni la kuogeshea mtoto hapendi kuitwa kwa ngurumo, hata yenye kutu. Tukaelewana, yeye na mimi, kwamba hana kazi nyingine duniani.

"Basi kesho tunakwenda hospitali," nikasema, "na chupa yako uje nayo."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, umri wa binti yangu wa mwisho, mwenye sauti ya taratibu. Ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu mdogo wangu ukimsemesha taratibu yeye hujibu kwa ajili ya watu wa nyuma. Kwanza walimbandika waya kifuani kuangalia moyo, maana daktari alisema kifua kinachouma hakidharauliwi mpaka moyo uwe umepimwa na kuondolewa lawama. Moyo ukawa mzima. Ndipo akaanza maswali.

"Chakula kinakwama ukimeza, baba?"

"HAKIKWAMI!"

"Umepungua uzito bila kutaka?"

Daktari alimwangalia tumboni, akaliruka swali mwenyewe.

"Umewahi kutapika damu? Au kupata choo cheusi kama lami?"

"CHOO NI CHA KAWAIDA!"

Nje kwenye benchi la wagonjwa mtu akasema, "Mungu ni mwema," na mwingine akaitikia, "Amina."

Daktari akaichukua ile chupa, akainusa, macho yakamtoka maji.

"Hii nani alikuandikia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wote, daktari."

Akaiweka mbali, kama unavyomwondolea mtoto wembe. Kisha akatueleza. Kati ya koo na tumbo pana kama kilango. Kikilegea, tindikali ya tumbo inapanda juu, inachoma njia ya chakula, na ikifika kooni inakwaruza hata sauti. Kelele za uwanjani hazikuiua sauti ya mdogo wangu. Tumbo lilikuwa linaipika usiku, akiwa amelala chali juu ya kilima cha wifi.

"Kama ni mlango," akasema mdogo wangu, "fundi ninaye."

Daktari hakucheka. Akamwandikia vidonge vya kupunguza tindikali. "Kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Si baada ya kula, si ukikumbuka. Lakini baba, vidonge peke yake, na ulaji huu, ni kufukuza nzi huku umekumbatia samaki. Kula kidogo kidogo mchana, usijilimbikizie jioni. Ukishakula, usilale mpaka zipite saa tatu. Kahawa, pilipili, ndimu, mafuta mengi, sigara, viweke kando. Tumbo hilo lipunguze. Na huo mkanda?"

"Ni wa kazi."

"Ni wa kukamulia nguo. Unakamua tumbo lako mwenyewe." Akaandika tena. "Na mchago wa kitanda, pale unapoweka kichwa, uinuliwe kwa kimo cha tofali. Usirundike mito, mito inakukunja tumbo tu. Rudi baada ya mwezi. Lakini chakula kikianza kukwama, au ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi, usimngoje mjomba wa mtu. Njoo siku hiyo hiyo."

Tulipotoka, benchi zima lilisimama na kumtakia heri. Walikuwa wanamjua kuliko ndugu zake.

Kazi ya kitanda ilichukuliwa na seremala. Hakutaka malipo, kila akilitazama lile kabati karakanani alikuwa anajisikia mwizi, ingawa si kiasi cha kulirudisha. Akasema tofali ni kazi ya mwashi, yeye ni mtu wa mbao: badala ya kuinua mchago, atapunguza matendegu ya upande wa miguu, kitanda kitainama chenyewe na kitapendeza. Akaja mchana wifi akiwa kisimani. Akaona mto uko upande wa dirisha. Sasa, wifi yangu huweka mto dirishani mchana ili upigwe na upepo. Kila mwanamke anajua hilo. Seremala anajua mbao. Akakata matendegu ya upande wa pili, ule wa mlangoni, ambako ndiko mdogo wangu alikokuwa akilaza kichwa tangu aoe.

Kwa siku kadhaa mdogo wangu alilala miguu juu kichwa chini, kama popo, akiamini ndivyo daktari alivyotaka. Tindikali haikuhitaji tena kupanda, ilikuwa inateremka.

"Lala upande wa pili basi!" nikamwambia niliposikia.

"Nilale mguu uelekee mlangoni? Mimi maiti?"

Seremala akaitwa. Kwa aibu akakata matendegu ya upande wa pili pia, ili aanze upya, kitanda kikawa sawa pande zote, tena kifupi kama mkeka wenye cheo. Mwishowe yakaletwa matofali mawili, yakawekwa chini ya mchago, kama daktari alivyosema tangu mwanzo. Wifi alilalamika kwamba anateremka. Alfajiri alikuwa anaamka amekunjamana upande wa miguuni kama nguo iliyoanguka kambani. Lakini alinishika mkono siku moja na kuniambia, tena kwa sauti ya chini, "Wifi, hakohoi tena."

Hapo ndipo yeye naye alipokubali. Kikaango kilitundikwa ukutani, na kila akikipita alikipangusa kama picha ya marehemu. Alianza kuchemsha, akafunga dirisha la jikoni ili majirani wasisikie harufu ya maji. Mdogo wangu akawa anakula uji asubuhi, ndizi mbivu saa nne, sahani ndogo mchana, na jioni kijisahani kingine jua likiwa bado linaonekana. Kisha akawa na saa tatu ambazo hakujua azifanyie nini, kwa sababu maisha yake yote kula na kulala vilikuwa vimeshikana. Akaanza kuzunguka mtaa kwa miguu. Watu walidhani anadai, wakawa wanafunga milango.

Sitaki kusema alikuwa malaika. Kulikuwa na harusi, na kwenye harusi alijihesabia ruhusa. "Heshima ya bwana harusi, dada," akasema, akifuta mafuta kidevuni. Kwa siku mbili zilizofuata hakuweza hata kumkaripia kuku. Nadhani heshima ile ndiyo iliyomwaminisha, kuliko daktari na mimi pamoja.

Ikafika siku ya hoteli. Uwanja ulijaa mpaka watu wakasimama juu ya ndoo zangu, wawili wakazipasua. Vitanda vimepangwa safu safu, masufuria yanang'aa, na katikati meza ya kulia chakula ya hoteli, ndefu kama msiba. Kipaza alikuwa pale na kipaza sauti chake, akijaribu betri: "Moja, mbili. Moja, mbili." Mdogo wangu alisimama chini ya kasha. Mkanda wa mzee alikuwa ameufunga, lakini kwenye tundu la kwanza, umelegea kama shanga, na suruali aliishikilia kwa kamba kwa ndani.

Mwenyekiti akaja na sahani ya koo.

Ilikuwa sinia, na harufu yake ilifika kibandani kwangu, na mimi sina njaa ya haraka. Akaiweka mbele ya mdogo wangu, watu wote wakitazama, kamati yote ikitazama. Akikataa, ametusi soko zima siku kubwa kuliko zote. Akila, sote tulijua mkono ule utakwenda wapi. Sijui kama Mwenyekiti alikusudia. Nasema nilichokiona: alikuwa anatabasamu, na nyuma yake mkwe wake alikuwa anamtazama.

Mdogo wangu alitazama nyama. Niliona koo lake likimeza kitu ambacho hakikuwepo. Nikasema moyoni, basi, kwaheri kasha.

"Mwenyekiti," akasema, "sahani hii ni kubwa, na koo langu limeshakuwa dogo. Sisi wazee tusiwajaze vijana wivu. Mpe mwanangu Kipaza. Koo langu lipo, lake linakula betri."

Watu wakacheka, tusi likayeyuka ndani ya kicheko, na Kipaza, ambaye tangu aanze kazi hajawahi kuletewa sahani ya koo, akaikaribia kama mtu aliyeitwa kwenye urithi. Akala peke yake, na pilipili zote, na birika.

Mdogo wangu akapanda. Sauti ilitoka. Siwadanganyi, haikuwa ile radi ya zamani. Ilikuwa imeshuka kidogo, safi, na hakuilazimisha. Uwanja ulilazimika kunyamaza ili umsikie. Nilikuwa sijawahi kuuona uwanja ule umenyamaza isipokuwa siku ya kabati. Kinyozi wa ng'ambo alitoka nje na mkasi mkononi kuuliza kuna nini.

Kitanda cha kwanza kikapanda bei, kikafika. Kiganja kifuani. Na hapo hapo, kutoka nyuma, kwa kipaza sauti:

"Umeuza au umeungua?"

Kicheko! Wakaishika ikawa wimbo. Kila akiweka mkono, uwanja mzima: "Umeuza au umeungua?" Mnunuzi anasogea kuchukua sufuria lake anasita, anamtazama usoni, hajui kama amenunua. Nikaona alichokuwa anapoteza sasa. Mkono haukuwa umekosea hata mara moja, lakini mkono usioaminika una faida gani? Kasha lilikuwa linateleza chini ya miguu yake huku hajafanya kosa.

Ikaja meza. Bei ikapanda mpaka wenye sebule ndogo wakajitoa, wakabaki wawili, akabaki mmoja. Mdogo wangu akaweka kiganja kifuani, na Kipaza akainua kipaza sauti chake, akavuta pumzi.

"Umeuza au u..."

Ikatoka mbweu. Sijui niielezeje. Ilianzia kwenye nyama, ikapitia kahawa, ikakusanya pilipili njiani, na kile chombo hakikupunguza kitu. Kiliipokea kwa uaminifu na kuipeleka mtaa mzima. Mbwa walijibu. Mtoto mmoja alilia. Na Kipaza mwenyewe, machozi yakimtoka, moto umempanda, akadondosha chombo na kujishika kifua kwa mkono wa kulia.

Seremala ndiye aliyepaza sauti. "Na huyu kauza nini?"

Mdogo wangu aliungoja uwanja ucheke mpaka uchoke. Kiganja chake hakikuwa kimetoka kifuani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nimeuza. Ingekuwa kiungulia, meza hii ingekwenda tangu bei ya kwanza. Muulizeni Mwenyekiti."

Wazee wa kamati wakatikisa vichwa kukubali. Mnunuzi akaja akaishika meza yake. Hapakuulizwa tena chochote mpaka kijiko cha mwisho.

Daktari alimpunguzia vidonge aliporudi, akamwambia aendelee na mengine yote, kwa kuwa kilango kilicholegea hakisahau. Sokoni, bila shaka, kila mtu ndiye aliyemponya. Mwenyekiti anaeleza ilikuwa tangawizi yake, ila ilichelewa kufanya kazi. Mama wa mchele anasema aliomba. Seremala ndiye aliyefaidi kuliko wote: anauza vitanda vilivyoinuka mchagoni kwa wanaume wasio na ugonjwa wowote, ambao hulala wakiteremka na kuamka wakijisifu. Kipaza alikuwa mteja wake wa kwanza. Kabati bado liko karakanani, linahifadhi misumeno.

Na mdogo wangu? Ukikutana naye barabarani, utaona jambo. Watu wakiwasalimu wakubwa huweka mkono kifuani kwa heshima. Yeye hafanyi hivyo. Huinamisha kichwa tu, mikono yote miwili ikiwa nyuma, kama mwalimu mkuu. Wageni husema yule mzee ana majivuno.

Hana. Anaogopa kuuza.